Kitanda Kilichongoja Mtoto

Wasomaji watukufu! Mabibi na mabwana, wazee kwa vijana, mliojua kusoma zamani na mnaoanza leo! Kwa heshima na taadhima, mnatangaziwa kwamba hii ni hadithi ya elimu kwa umma. Imeandikwa ili kuangaza akili, kunyoosha mienendo na kuinua jamii nzima. Tafadhali kaeni wima.

Inaanza na mwanamume mzima akitapika nyuma ya pipa.

Mwanamume huyo aliitwa Fundi Cheche, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda. Mashati yake yote yalikuwa na vitundu vidogo vya cheche, kama yameliwa na panya mwenye adabu, anayeonja tu na kuondoka. Karakana yake ilipakana ukuta na karakana ya Fundi Nati, aliyekuwa anatengeneza magari na kuongea. Zaidi aliongea.

"Cheche, hiyo chupa itakuua," alisema Fundi Nati.

"Ni dawa."

"Dawa ya nini? Unakunywa, unatapika, unakunywa tena. Hata gari bovu siliwekei mafuta namna hiyo."

"Wewe funga nati zako."

Fundi Cheche alijifuta mdomo. Akaificha chupa ndani ya boksi la vyuma chakavu. Chupa ilikuwa ya kijani, haina jina, haina karatasi. Aliinunua kwa mchuuzi mwenye kipaza sauti begani. Mchuuzi huyo alisema dawa yake inatibu mgongo, macho, mikosi na wanaume wasiopata watoto.

Lakini Fundi Cheche alikuwa na watoto watatu! Wa kwanza alikuwa binti, anasoma shule ya bweni, na wakati huu alikuwa nyumbani kwa likizo. Wa pili alikuwa mvulana mwenye njaa ya kudumu. Wa tatu aliitwa Kitinda, yaani kitindamimba, mtoto wa mwisho. Alikuwa wa mwisho kwa wakati huo tu. Hakuna aliyekuwa ametangaza rasmi kwamba mlango umefungwa.

Sasa sikilizeni jambo la kushangaza. Fundi Cheche hakutaka mtoto wa nne. Hakumtaka kabisa. Akiwatazama wale watatu wamelala, moyo wake ulikuwa unasema: basi, inatosha. Alikuwa anakunywa ule uchungu ili apate mtoto ambaye hakumtaka.

Kwa nini? Kwa sababu ya mkewe.

Mkewe aliitwa Mama Pasi. Alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Uani kwao palikuwa peupe kila siku, mashuka yanapepea, na watoto wanakatazwa kupita katikati, na wanapita. Mama Pasi hakuwa mtu wa maneno mengi. Pasi ilimsemea. Akifurahi, pasi iliteleza. Akikasirika, iligonga meza, na nyumba nzima ilijua.

Jioni moja, miaka miwili nyuma, Fundi Cheche alimkuta mkewe amekaa sakafuni chumbani. Nguo za utotoni za Kitinda zilikuwa zimetandazwa mbele yake. Ameshika sweta dogo la njano. Analia.

Fundi Cheche alirudi nyuma kwa ncha za vidole. Hakuuliza kitu. Alijiambia: maskini mke wangu, ana hamu ya mtoto mchanga, anaogopa kuniambia.

Basi akaamua kumfariji. Mtu wa maua angeleta maua. Yeye alileta chuma.

Wakati ule alikuwa anatengeneza kitanda cha ghorofa kwa ajili ya wavulana wake wawili. Mmoja alale chini, mwingine alale juu. Badala ya kukata zile paipu nne za pembeni pale ghorofa ya pili inapoishia, aliziacha ndefu. Zilichomoza juu kuelekea dari. Mmewahi kuona nyumba ambayo mwenyewe ameacha nondo zimesimama juu ya paa, zinangoja ghorofa nyingine siku akipata uwezo? Ndivyo kilivyokuwa kitanda kile.

Alikiingiza chumbani kwa fahari. Akazipiga zile paipu kwa kiganja.

"Mama watoto, nimeacha nafasi ya wa juu," akasema, na kukonyeza.

Mama Pasi alizitazama zile paipu. Akazitazama tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Umefikiri mbali, baba watoto."

Fundi Cheche alifurahi. Alidhani amesifiwa.

Miezi ikapita. Mwaka ukapita. Mimba haikuonekana. Mama Pasi alizidi kuwa mkimya, na pasi ilizidi kugonga meza. Fundi Cheche akajua, au akadhani anajua: mke wangu ana huzuni, na kasoro ni yangu. Huko karakana nako Fundi Nati, mwenye watoto watano, hakumsaidia.

"Cheche, umeishia watatu? Mashine imezima?"

"Haijazima."

"Basi iwashe tusikie mlio!"

Ndipo alipopita mchuuzi mwenye kipaza sauti.

Turudi nyuma ya pipa. Asubuhi hiyo Fundi Cheche alimaliza kutapika, akarudi kazini. Aliinama kuokota vyuma, dunia ikazunguka. Alianguka chali kando ya mashine. Bahati nzuri alikuwa hajaiwasha.

"Jamani! Cheche amekufa!" alipiga kelele Fundi Nati.

"Sijafa," alisema Fundi Cheche kutoka chini.

"Jamani! Cheche bado kidogo afe!"

Fundi Nati alimpakia kwenye mkokoteni wa kubebea paipu, akausukuma mbio hadi zahanati. Njia nzima alipiga honi kwa mdomo. Watu walipisha. Wengine walicheka. Fundi Cheche alikuwa mweupe midomo, amekumbatia tumbo, miguu inaning'inia mbele ya mkokoteni.

Waliingia kwenye baraza la zahanati. Kulikuwa na benchi refu la wagonjwa. Na kwenye benchi hilo, kati ya kina mama wengine, alikaa Mama Pasi.

Mama Pasi aliyeaga nyumbani kwamba anakwenda kununua sabuni.

Mume alimtazama mke. Mke alimtazama mume. Hakuna aliyepepesa jicho.

"Shemeji!" alisema Fundi Nati. "Nani amekupa habari upesi hivi? Ndiyo kwanza ameanguka!"

Mama Pasi alisimama. Mkoba ulimdondoka. "Mmenifuata?" akauliza.

Fundi Cheche hakuelewa swali. Aliangalia mlango uliokuwa mbele ya mkewe. Juu ya mlango ilibandikwa picha ya mama, baba na mtoto. Akili yake ikaruka moja kwa moja mahali pabaya.

"Una mimba," alisema. Alijilazimisha kutabasamu. Lile tabasamu lilikuwa la mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wageni. "Hatimaye! Mama watoto! Tuna mtoto!" Kisha akatapika kwenye mkokoteni.

Nesi alitoka. Alikuwa mama mnene, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Hakuuliza maswali barazani. Alimwingiza Fundi Cheche chumbani, akamlaza, akampima, akamtundikia dripu mkononi. Mama Pasi aliingia nyuma yake.

"Mama, tafadhali ngoja nje kidogo," alisema nesi. "Kila mgonjwa huongea nami peke yake. Hata kama ni mume na mke."

"Abaki," alisema Fundi Cheche. "Ni mke wangu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Tumeoana miaka mingi."

"Sikuulizi kama ni mkeo. Nauliza kama una hakika asikie."

"Asikie."

"Haya. Umekunywa nini?"

Fundi Cheche aliangalia dari. "Dawa. Nimeinywa miezi kadhaa."

"Dawa ya nini?"

Alinong'ona. "Ya kupata mtoto."

"Mtoto?" alisema Mama Pasi. "Nani anataka mtoto?"

Fundi Cheche aligeuza shingo. "Wewe!"

"Mimi?"

"Si wewe?"

"Mimi! Si wewe?"

Kichwa cha Fundi Nati kikachungulia mlangoni. "Basi labda ni mimi," kikasema.

Nesi alifunga mlango. Kichwa kiliwahi kutoka, lakini kwa shida.

Mama Pasi alikaa kwenye kiti. "Baba watoto, nitasema, na ukitaka kuniacha, uniache. Mimi sina mimba. Nimekuja kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango. Nachomwa tangu siku ulipoleta kile kitanda."

"Kitanda?"

"Zile paipu! Niliziona nikasema, kumbe huyu bwana amekata shauri. Amekwisha kumjengea na mahali pa kulala. Hata kuniuliza hakuniuliza. Kesho yake nikaja hapa."

"Lakini niliziacha kwa ajili yako!" Fundi Cheche aliinuka, dripu ikacheza, nesi akamlaza tena. "Nilikuona unalia! Umeshika sweta la Kitinda!"

Mama Pasi alifunga mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukaniona nalia, ukaondoka?"

Fundi Cheche alivuta shuka hadi kidevuni.

"Nililia kwa hofu," alisema Mama Pasi. "Nilikuwa nimechelewa siku zangu. Nilidhani nimeshika mimba. Nilitoa zile nguo nione kama zinafaa bado. Nilikuwa nawaza, mashuka yale nitayafua na tumbo? Na nani atanisaidia? Baadaye ikawa si mimba. Lakini ule usiku sitausahau."

Sasa hasira ikampanda Fundi Cheche. Hasira ya aibu huwa na kelele.

"Miaka miwili! Miaka miwili unanidanganya, mama watoto! Sabuni! Kila mara sabuni! Mimi nikajiuliza mbona sabuni haiongezeki!"

"Na wewe? Unakunywa uchafu kwa siri! Ungekufa leo, ningewaambia nini watoto? Baba yenu amekufa akimtafuta mtoto ambaye hamtaki?"

Nesi aliwaacha wakapayuka. Alipoona wameishiwa pumzi, alivaa miwani.

"Mmemaliza? Vizuri. Mama, geukia dirishani. Baba, wewe tazama ukuta. Nikisema 'haya', kila mmoja ainue vidole. Idadi ya watoto unaowataka wewe mwenyewe, ukianza maisha yako upya. Msiniinulie vidole vya mama mkwe, wala vya jirani. Haya!"

Fundi Cheche aliinua vidole vitatu. Hakusita.

"Geukeni."

Mama Pasi alikuwa ameinua viwili.

Fundi Cheche alivitazama vile vidole kana kwamba vimeota palepale.

"Wawili?" akasema. "Na Kitinda je? Humtaki Kitinda?"

"Usigeuze maneno yangu! Kitinda ni moyo wangu. Mtu akimgusa, nitamla mzima mzima. Lakini nimeulizwa nilitaka wangapi, na leo ni mara ya kwanza kuulizwa." Alishusha mkono. "Wa tatu nilimbeba nimechoka. Siku ya kujifungua damu ilinitoka nyingi. Nilisikia wakunga wanaitana. Nawe nilikusikia nje, unawagawia watu soda, mnacheka."

"Hakuna aliyeniambia," alisema Fundi Cheche.

"Hukuuliza."

Machozi yalimtoka Fundi Cheche. Yalishuka hadi masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Alimnyooshea mkewe mkono usio na dripu. Mkewe aliutazama kwanza. Kisha akaushika.

"Nisamehe," alisema. "Mimi nimezoea chuma. Chuma hakisemi, unakipima kwa macho tu."

"Mimi si chuma."

"Nimeona."

Nesi alivuta kiti. "Sasa nisikilizeni, maana nyie si wa kwanza. Hapa nawaona wengi. Mara nyingi mume anataka watoto wengi kuliko mke. Wakati mwingine hata hataki, ila anaogopa kuchekwa na wenzake. Na mke anakubali kwa kunyamaza, mume anadhani kunyamaza ni ndiyo. Hawajawahi kukaa chini na kuulizana. Matokeo yake nayapokea mimi, mengine kwenye mkokoteni."

"Ile dawa ni mbaya sana?" aliuliza Fundi Cheche.

"Sijui ndani yake mna nini, na aliyekuuzia naye hajui. Huo ndio ubaya wake. Inaweza kuharibu ini au figo. Tutakupima damu. Mtu akitafuta mtoto asimpate, aje hospitali, mume na mke wote wawili wapimwe. Tatizo laweza kuwa kwa yeyote."

Akamgeukia Mama Pasi. "Na wewe, hukufanya kosa kuja. Mwili ni wako, na siri yako niliitunza. Sindano inakukubali?"

"Kichwa kinaniuma mara kwa mara. Niliogopa kusema."

"Hapa ndipo pa kusema! Njia ni nyingi. Kuna vidonge, vijiti vya mkononi, kitanzi cha kuwekwa ndani ya kizazi. Isiyokufaa tunabadilisha."

"Na sisi wanaume?" aliuliza Fundi Cheche.

Nesi alimtazama kwa hamu, kama mwalimu aliyesikia swali kutoka benchi la nyuma. "Wanaume wana kondomu, na hiyo ndiyo njia inayozuia pia magonjwa ya ngono. Halafu kuna kufunga mirija. Ni operesheni ndogo, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini ni ya kudumu, kwa hiyo usiifanye kwa hasira wala kwa haraka. Na haifanyi kazi papo hapo. Unaendelea na njia nyingine kwa miezi mitatu hivi, kisha tunapima kama mbegu zimekwisha."

"Na nguvu?"

"Nguvu za kiume hazipungui. Kinachozibwa ni njia ya mbegu tu."

"Kweli kabisa?" iliuliza sauti kutoka nje ya mlango.

"Fundi Nati, nenda nyumbani!" walisema wote watatu.

Damu ilipimwa. Ini lilikuwa limeanza kuathirika, lakini halijaharibika. Nesi alisema angeendelea na chupa ile, hadithi ingekuwa nyingine. Fundi Cheche aliimwaga. Zile paipu za kitanda alizikata, akatengeneza kichanja cha kuanikia mashuka. Mama Pasi alikijaribu kwa kukitikisa, akasema kimenyooka. Kwa Mama Pasi hiyo ni hotuba.

Waliongea wiki nyingi. Haikuwa rahisi. Jioni nyingine mmoja alinuna, jioni nyingine mwingine. Mwishowe Fundi Cheche alisema yeye ndiye atakayefunga mirija. "Wewe umebeba watatu na sindano juu yake," alisema. "Zamu yangu." Walirudi kwa nesi pamoja, wakasaini pamoja. Kwa siku chache baada ya operesheni alitembea kama amebeba mayai. Mama Pasi aliendelea na sindano mpaka siku nesi alipompima mumewe na kusema mbegu zimekwisha, sasa yatosha. Baada ya hapo aliiacha, na kichwa kikapoa.

Huko karakana Fundi Nati alikuwa na maswali. "Kwa hiyo ulimuuliza tu? Hivihivi, kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Wewe umewahi kumuuliza mkeo alitaka wangapi?"

"Ya nini kumuuliza? Tuna watano. Jibu si lile?"

"Muulize."

Kesho yake Fundi Nati alichelewa kazini. Alifika, akakaa juu ya tairi, na kwa mara ya kwanza tangu karakana ijengwe, hakuongea.

"Amesemaje?" aliuliza Fundi Cheche.

"Mmoja."

"Mmoja?"

"Alitaka mmoja. Nikamuuliza, yupi? Amenirushia sufuria." Alishika kichwa. "Cheche, nimeishi na yule mwanamke miaka kumi na minne. Ni nani yule?"

Wiki hiyohiyo alionekana kwenye benchi la zahanati, amekaa karibu na mkewe, kimya, ameshikilia mkoba wa mkewe.

Hivyo basi, wasomaji watukufu, jamii imeinuka. Fundi Cheche na Mama Pasi waliishi kwa amani tele. Hawakufichana tena neno. Hawakugombana tena kamwe. Mwi...

Nimekatizwa. Mama Pasi amesoma karatasi hizi begani kwangu, pasi mkononi.

"Hatugombani kamwe?" amesema. "Jana usiku tulifanya nini?"

Kweli. Jana waligombana kuhusu karo, na nyumba nzima ilisikia. Nafuta. Wasomaji na wajue: wanagombana, ila sasa kila mmoja anajua wanagombania nini.

Kisha Fundi Cheche akazichukua karatasi. Amesoma polepole, kidole kikifuata mistari. Amefika kwenye chumba cha nesi, akasimama.

"Hapa umesema nililia. Mimi sikulia. Ulikuwa moshi wa kuchomelea."

"Zahanati hakuna moshi, baba," nikasema. "Yaliingia masikioni kabisa. Nilikuwa chini ya dirisha, niliona kila..."

Nikajiziba mdomo. Nilikuwa nimechelewa.

Naam. Nakiri. Mwandishi wa elimu hii kwa umma ni yule binti wa shule ya bweni. Siku ile niliufuata mkokoteni mbio toka karakana hadi zahanati, nikajibanza nje ya chumba ambamo nesi alisema siri hutunzwa, nikasikiliza neno kwa neno. Kisha, likizo hii nyingine, nikaandika.

Baba alimtazama mama. Mama alimtazama baba. Safari hii hawakuhitaji nesi wala vidole. Wote wawili walitaka jambo moja, na idadi ileile: nifue mashuka yote ya nyumba ya wageni, na likizo yangu isiishe kabla hayajaisha.